Huyu Ndiye Kitinda Mimba

4 Februari

Wifi yangu Pilipili,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti changu cha cherehani, maana ndipo ninapofanyia kazi, ndipo ninapolia chakula, na leo ndipo ninapoandikia. Sisi wazima. Mama magoti yanamlalamikia akiinuka, ila mdomo haujapungua nguvu. Wanangu wanne wanagombania shuka moja, kila asubuhi nalikuta limechanika mahali papya. Mume wangu, shemeji yako, yuko kambini bado, kwenye ile barabara isiyokwisha, anaendesha greda. Alikuja mwisho wa mwaka, akala, akalala, akarudi. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo mimi ni sare tu. Natia pindo mpaka naota pindo.

Usinicheke kwa kuandika barua kama watu wa zamani. Simu ya hapa unaijua mwenyewe. Ukipiga tu, Mama anaiweka sauti kubwa, jirani anasogeza kiti, watoto wanadai zawadi. Neno la watu wawili halipiti humo. Karani wa posta alinitazama kama niliyemletea kuku dirishani, lakini bahasha kaipokea.

Haya yanayofuata si yangu. Mama kaketi hapa pembeni, ananiamuru niandike kama anavyosema:

"Mkwe wangu, nakusalimu wewe, mwanangu na wajukuu. Nasikia yule mdogo sasa anakimbia, anaongea, anavaa viatu mwenyewe. Basi mgongo wako umepumzika vya kutosha. Nyumba ya mwanangu haina mvulana, nami namsubiri. Na mwanangu aache kumwita huyo binti kitinda mimba kwenye simu. Kitinda mimba hajaja."

Mwisho wa maneno ya Mama. Ametoka kuota jua, kwa hiyo naongeza langu. Wifi, mpe jibu lolote la kumtuliza. Anauliza kila kukicha, na anayeulizwa ni mimi kwa kuwa wewe uko mbali.

Ni mimi, Wifi Fundi

2 Machi

Wifi Fundi,

Barua yako imefika ikiwa imekunjika kona zote, lakini haijafunguliwa. Niliisoma kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimekalia kapu la mataulo. Hatujambo. Kaka yako bado anaosha mabasi zamu ya usiku, tunapishana mlangoni kama walinzi wanaoachiana lindo. Binti mkubwa, Kasuku wetu, anaisema lugha ya huku kutupita sote, na ameanza kunisahihisha mbele ya watu. Mdogo amejua kufunga zipu, sasa kila chenye zipu humu ndani kimefungwa, hata mfuko wa suruali ya baba yake wenye funguo.

Mimi ni yale yale. Mashuka ya hospitali yanaingia mlango huu machafu, yanatoka mlango ule yamenyooka, katikati ni sisi na mvuke. Mashine inatema shuka la moto, mimi nadaka kona mbili, mwenzangu mbili, tunakutana, tunaachana, tunakutana tena. Nikirudi nyumbani kope zangu zina nyuzi nyeupe. Mdogo ananiuliza kama nimezeeka leo.

Sare zikiisha pumzisha mgongo. Mwambie Mama salamu zake zimefika, magoti ayakande kwa maji ya moto, na wajukuu wanakula vizuri.

Na lile jingine, mwambie nimelisikia.

Wako, Pilipili

19 Aprili

Wifi Pilipili,

Hatujambo, tunasukuma siku. Mwanangu wa pili kang'oka jino, kalificha chini ya mto, asubuhi kalikuta lipo vile vile, kanuna. Mimi nachoka upesi siku hizi, lakini ni joto tu.

Nilimfikishia Mama jibu lako. Akaniuliza: amelisikia, halafu? Nikarudi kwenye cherehani.

Sasa kuna jambo limetufikia. Wiki iliyopita alikuja dukani dada wa yule mama anayewakalimania watu hospitali za huko kwenu. Nilikuwa nampima kiuno. Akanambia, mbele ya wateja wangu wawili, kwamba wewe umekwenda kliniki kufunga kizazi, na kwamba mdogo wake alikuwepo kwa macho yake. Jua halijazama, Mama alikuwa na habari hiyo. Akampigia kaka, sauti kubwa kama kawaida, sote tumekaa tunasikia. Kaka akajibu, "Mimi sijui habari hizo, Mama. Nitamuuliza."

Mama hakula jioni ile. Asubuhi akaanza kumtaja binti wa seremala, jinsi alivyo na heshima na kifua kipana. Unajua Mama hamtaji binti wa mtu bure.

Wifi, mimi si adui yako. Nisaidie nikusaidie. Sema daktari amekukataza. Sema presha, sema kizazi kina kidonda, chagua ugonjwa wowote unaoupenda. Mama atalia kidogo, kisha ataanza kukutafutia dawa, na habari za binti wa seremala zitakufa zenyewe. Ni uongo mwembamba, hata mshono hauonekani.

Na kama ni kweli, usiniandikie. Nikiambiwa nitakuwa najua, na mimi ndiye ninayekaa na Mama.

Wifi Fundi

12 Mei

Wifi Fundi,

Huo uchovu wako unaendeleaje? Wewe umezaliwa kwenye joto, joto haliwezi kukuchosha leo. Nenda ukapimwe damu. Sisi hatujambo. Kasuku kapewa nafasi ya kusoma shairi mbele ya shule nzima, na mdogo alikuwa na mafua lakini yamekwisha.

Umenambia nisikuandikie kama ni kweli. Nakuandikia. Sijafunga kizazi, huo ni uongo wa mkalimani. Lakini ni kweli kwamba sizai tena. Sikiliza ilivyokuwa, maana umeletewa kipande, tena kimekatwa vibaya.

Tangu mdogo aanze kutambaa nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango. Wewe una sindano zako na mimi nina zangu. Zangu hazikunipenda. Damu ikawa inachuruzika wiki kwa wiki, nami nasimama kutwa kazini na sare nyeupe. Nikaamua kubadilisha. Nilikwisha kuuliza, nikasikiliza, nikachagua kitanzi, kile kinachowekwa kwenye kizazi. Kaka yako nilimwambia mezani, akasema ni sawa, nami sikumlazimisha. Siku yenyewe tulikwenda wote wanne. Yeye alibaki nje kwenye benchi, mdogo mapajani, mkubwa pembeni. Nakwambia hivyo ujue alikuwa wapi.

Ndani tulikuwa watatu: mimi, nesi na mkalimani. Nikasema kwa lugha yetu kwamba nataka kitanzi. Neno moja, halina kona. Mkalimani akamgeukia nesi akaongea maneno mengi kuliko yangu. Wifi, lugha ya huku siijui vizuri, lakini kuna neno nalijua kuliko jina langu, nalo ni ruhusa, kwa sababu kila nikitaka kwenda chooni lazima nimwambie mnyapara wetu neno hilo. Nikalisikia. Nikasikia na neno mume. Nikamuuliza amesema nini.

Akanambia, kwa upole kabisa, "Nimekusaidia. Nimemwambia kwetu mwanamke hatangulii, kwanza apate ruhusa ya mumewe."

Nikamwambia, "Mume wangu yuko nje anambembeleza mtoto. Hajakutuma umsemee, na mimi sijakutuma. Toka."

Akatoka, ameinua kidevu. Nikabaki na nesi na maneno yangu machache. Unadhani nesi alifurahi? Alinipigia mfano kwa mikono kwamba kijiti cha mkononi ndicho kinachowafaa wanawake wa kwetu, unawekewa unakisahau, maana wanawake wa kwetu, alisema, hawarudi kliniki. Alikuwa anatabasamu. Nikaona kumbe mimi ni mpira, mmoja ananipigia huku kwamba sina haki ya kuacha kuzaa, mwingine ananirudisha kule kwamba sina akili ya kukumbuka tarehe. Nikajikusanya, nikamwambia kwa lugha yake, imevunjika lakini yangu: "Mimi kufikiri. Mimi kuchagua. Wanawake wetu si mtu mmoja. Kitanzi."

Halafu akapiga simu, akampata mkalimani mwingine wa mbali asiyejua uso wangu wala ukoo wangu, na tukaanza upya. Akaeleza faida, akaeleza madhara, mimi nikauliza, yeye akajibu. Kitanzi nikawekewa siku ile ile. Niliumia, nikasimama, nikatoka. Kaka yako akanipokea mkoba.

Niliposoma kwako kwamba hajui habari hizo, nilimsubiri mlangoni arudi zamu. Nikamsomea mstari ule. Akaniuliza, "Ningemwambiaje mama yangu?"

Nikamjibu, "Kwa mdomo."

Tangu siku ile analala sebuleni. Sikumfukuza. Alichukua mto mwenyewe.

Sasa kuhusu ule uongo wako mwembamba. Nashukuru, najua umeushona kwa mapenzi. Siuvai. Daktari hajanikataza chochote. Sina presha, sina kidonda. Nimezaa wawili, nawapenda, nimemaliza. Sababu ninazo, na tukikaa wawili nitakupa, lakini sizipeleki barazani zikapigiwe kura. Nikisema ni mgonjwa, siku nitakayoonekana mzima nitadaiwa mtoto. Na Kasuku ananisikiliza kwenye simu. Sitaki ajifunze kwamba mwanamke hawezi kukataa mpaka augue.

Msomee Mama barua hii. Yote, tangu salamu za mafua. Mwambie kwa heshima zote mkwe wake anasema huyu ndiye kitinda mimba, na jina hilo tumempa wazazi wake.

Pilipili

30 Juni

Wifi Fundi,

Sijapata neno lako. Labda posta, labda Mama kaichukua, labda umenikasirikia. Naandika tena hivyo hivyo, ukikasirika kasirika ukiwa na habari zote.

Watoto wazima. Shairi lilisomwa, nikapiga makofi kabla halijaisha, Kasuku kanikata jicho. Kazini wametuletea mnyapara mpya, naye hajui kucheka.

Jumamosi iliyopita tulikwenda wanawake wengi kumpongeza mwenzetu aliyejifungua mtoto wa saba. Nilikuta mkalimani kakaa sehemu nzuri, miguu kaikunja, na nilipoingia chumba kikapoa. Nikajua nilikuwa nimeongelewa. Mama mmoja mtu mzima akaanza kuzungumza na ukuta, kwamba siku hizi kuna vitu vinawekwa tumboni vinapanda taratibu mpaka kwenye moyo. Mwingine akasema alisikia sindano zinakausha mwili kama samaki.

Ningeweza kunyamaza. Nilikwenda kumwona mtoto, nilikuwa na bakuli langu la chakula, watu wengi. Lakini nikaona nikinyamaza leo nitanyamaza kila Jumamosi. Nikaweka bakuli chini, nikasema kile mnachonong'ona ni kitanzi, ninacho mimi, kiko kwenye kizazi na hakina njia ya kwenda moyoni, na mwenye swali aniulize mimi badala ya kuuliza mgongo wangu. Kisha nikamgeukia mkalimani. Sikupandisha sauti. Nikasema, "Wewe unalipwa kubeba maneno ya watu kutoka mdomoni mpaka sikioni. Yangu umeyabeba mpaka kwa mama mkwe wangu. Nimekushtaki hospitalini, na jina langu nimeliandika lote."

Ni kweli nilimshtaki. Walinijibu kwamba wataniita. Mpaka leo hawajaniita, lakini nitakwenda kuwauliza.

Yeye alichukua mkoba wake akaondoka. Usidhani walinipigia vigelegele. Wengine waliangalia zulia, na wawili mpaka leo hawapokei simu zangu. Lakini mwenye mtoto wa saba, kitandani pale, ndiye aliyefungua mdomo. Akasema yeye kazaa saba kwa kupenda, na nesi wa kliniki ile ile alimtikisia kichwa kama mtoto mtukutu, akamuuliza kama hajachoka. Akasema angetamani naye angemwambia nesi atoke. Tukacheka. Nikamwambia akienda tena aniite nimsindikize. Anayetaka saba asitikisiwe kichwa, na anayetaka wawili asitafutiwe mke mwenza.

Wakati wa kuondoka, wanawake watatu walinifuata kwenye ngazi, mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anatafuta viatu vyake. Mmoja anaficha vidonge ndani ya pakiti ya pedi kwa sababu ndipo mumewe asipopekua. Wa pili hana anachotumia, anaomba tu. Wa tatu aliniuliza swali ambalo sitaliandika.

Kaka yako bado yuko sebuleni. Niambie kama uko hai.

Pilipili

17 Agosti

Wifi,

Niko hai. Salamu nakupa fupi kwa sababu ndiyo pumzi niliyo nayo. Watoto hawajambo. Mama hajambo.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ya kwanza niliisoma nikaikunja, nikaiweka chini ya vitambaa, nikakasirika. Nilikukasirikia wewe. Nilisema huyu ana mahali pa kusema toka na mtu akatoka. Hapa anayeandika kadi kliniki ni mke wa jirani. Nikiingia tu, chakula hakijaiva shemeji yako atakuwa amesikia huko kambini. Nikasema Pilipili amesahau tulivyo.

Halafu kuna lile la joto. Wifi, haikuwa joto. Ilikuwa mimba ya tano. Shemeji yako alipokuja mwisho wa mwaka nilimwomba tusubiri, kwa sababu wakati wa huyu wa nne daktari alinionya kwamba damu yangu ni ndogo na mwili hautaki tena upesi. Akanambia aliyenioa si daktari. Nilijua tangu Februari, siku ile ile nilipokuandikia maneno ya Mama. Nilikuwa naandika kuhusu tumbo lako huku langu limejaa, na sikusema. Kwa nani? Mama angeshangilia.

Mwishoni mwa mwezi wa tano iliharibika. Nilikuwa kwenye cherehani, nashona kola. Nilisikia kiti kimelowa. Aliyenikuta chini ni Mama, na magoti yake yale alipiga magoti. Alinifunga kwa vitambaa vya wateja, alipiga kelele mpaka gari likapatikana. Nililala hospitali siku nyingi, nikaongezwa damu. Daktari akasema nikishika mimba nyingine hivi karibuni watoto hawa wanne watalelewa na watu wengine. Alisema Mama akiwa amesimama pale.

Shemeji yako alipiga simu. Alinipa pole, akasema Mungu atatupa mwingine.

Niliporudi nyumbani nikaitoa barua yako chini ya vitambaa nikamsomea Mama. Yote, tangu mafua. Sikuruka. Alisikiliza ameangalia mlango. Nilipofika mwisho akanambia nirudie pale pa benchi. Nikarudia. Akanambia nirudie tena. Kisha akachukua simu akampigia kaka, na kwa mara ya kwanza tangu tuinunue, akaizima ile sauti kubwa. Akaingia nayo chumbani. Nilichosikia kupitia mlangoni ni hiki tu: "Ulikuwepo, ukamwacha peke yake na mdomo wangu."

Usifurahi sana. Alipotoka alisema bado anataka mjukuu wa kiume, na kwamba wewe una ulimi mrefu. Binti wa seremala hajamtaja tena. Hajaniambia nikusalimu.

Wifi, nina swali, na ndilo lililonikalisha kuandika. Hicho kitanzi kinauma kiasi gani?

Fundi

10 Septemba

Wifi yangu, dada yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama katikati ya mashuka, mpaka mwenzangu akaenda kuyadaka peke yake. Pole. Nakupa pole yote niliyo nayo. Nilikuwa nakuandikia habari za ushindi wangu, na wewe umelala hospitalini. Ungeniambia ningekuja kwa miguu.

Watoto wanakusalimu. Kaka yako amerudi chumbani, ila sijamwambia karibu, amerudi tu na mto wake. Baada ya simu ya Mama alikaa mezani, akanambia amemwambia mama yake mwenyewe, kwa mdomo, kwamba tulikubaliana na hataki mke mwingine. Nikamwambia vizuri. Sikumshangilia. Amesema ukweli akiwa amechelewa, na aliyeulipia kabla hajausema ni mimi.

Sasa swali lako. Kinauma kama maumivu ya hedhi mabaya, yanakushika ghafla unapowekewa, halafu yanalegea. Siku chache tumbo linanyonga. Lakini usinakili uchaguzi wangu. Kitanzi cha aina yangu huongeza damu ya mwezi, na wewe damu ndiyo huna. Waambie hivyo tangu mlangoni: nimeharibikiwa na mimba, nimeongezwa damu, nipeni kisichonimaliza. Wanaweza kukushauri kijiti. Mimi nilikikataa kwa sababu nililetewa kama amri. Wewe ukikitaka kitakuwa chako. Uliza kila kitu, hata unachoona cha kijinga. Ukiona kinakusumbua, rudi wakitoe, hakuna ndoa kati yako na kijiti.

Kuhusu mke wa jirani anayeandika kadi. Nenda na atajua. Mumeo atajua. Sikudanganyi kwamba hatajua. Amua kabla hujaingia utamjibu nini, halafu ingia umeinua kichwa, umevaa lile gauni lako zuri, si kwa kuvizia kama mtu anayeiba. Hakuna unachoiba.

Nakushika mkono kutoka huku.

Pilipili

2 Novemba

Wifi Pilipili,

Nakusalimu nikiwa nimekula nikashiba, na hiyo kwangu ni habari. Nywele zangu zimeacha kukatika. Watoto wanne wote wamelala shuka moja bila kulipasua, labda wamekua. Mama anatembea na fimbo sasa, na anaitumia zaidi kuelekezea watu kuliko kutembelea.

Nilikwenda. Nilivaa gauni la bluu. Mke wa jirani alinyanyua kalamu, akaniuliza kwa sauti ya kunisaidia kama mume wangu anajua. Nikamwambia, "Atakapojua atakuwa amejua. Andika jina langu." Akaandika. Nilichagua kijiti. Kiko mkono wa kushoto, kwa ndani, ukipapasa unakisikia kama uzi mnene chini ya kitambaa. Hedhi inakuja inavyotaka, kidogo kidogo, nami naivumilia.

Mke wa jirani alinyamaza, amini usiamini. Aliyenigundua ni shemeji yako mwenyewe. Alikuja wiki iliyopita, akanishika mkono, kidole kikapita juu yake. Akauliza hiki nini. Nikamwambia. Sikusema ni dawa ya damu, ingawa neno hilo lilikuwa tayari mdomoni.

Hakunipiga, nikuondoe wasiwasi. Alitoka akamleta kaka yake mkubwa, akamwita na Mama, tukakaa kikao. Kaka yake akazungumza kwa muda mrefu sana. Alisema mwanamke anayefanya hivi ni kama mtu anayefunga duka wakati mwenyewe amesafiri. Wote wakanitazama. Wifi, unanijua mimi, maisha yangu yote ya ndoa kwenye vikao nilikuwa naangalia pindo la nguo yangu. Siku hiyo nikamtazama usoni, nikamwambia, "Duka ni langu, shemeji. Na mwenyewe hajasafiri."

Shemeji yako akamgeukia Mama. Nilimwona anavyomtegemea, maana Mama anajulikana msimamo wake. Mama akaiweka fimbo katikati ya magoti. Kisha akasema yeye hayapendi mambo haya na hatayapenda, wala asije mtu kumwambia ni ya kisasa. Akasema, "Lakini mimi nilimwokota hapa chini. Ninyi mlikuwa hamko." Akainuka, akaenda zake kulala, kikao kikakosa mwenyekiti.

Waliniagiza nikakitoe kabla shemeji yako hajarudi kambini. Nilisema sikitoi. Nilisema mara moja tu, kwa sauti yangu ya kawaida, ile ninayowaambia wateja kwamba nguo haitakuwa tayari leo. Shemeji yako akaenda kulala kwa kaka yake. Usiku kucha sikulala, sikufichi. Niliwaza nitaachwa, niliwaza watoto, niliwaza nitaishi wapi. Kulipopambazuka jibu likawa lile lile.

Leo asubuhi nilikaa kwenye cherehani, kuna gauni la bibi harusi nimelichelewesha. Akaja kuchukua begi lake. Akasimama mlangoni, akasema anarudi kambini Jumamosi na kwamba jambo hili halijaisha. Nikamwambia kwangu limekwisha. Akabaki amesimama, kama mtu aliyesahau alichofuata. Akauliza kama kuna chai.

Nikamwambia ipo, ajimiminie.

Amejimiminia. Amekaa kwenye kiti cha wateja, begi miguuni, anakunywa. Sijui Jumamosi ataondoka amenuna au ameelewa, na sijui atarudi lini. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia wifi yangu habari za mkono wangu. Ananitazama, nami naandika, na karatasi sijaifunika.

Wifi yako, Fundi